Dhoruba ya jua na mtihani ambao mwanafunzi anajitungia

Tarehe 13 Machi 1989, saa tisa kasoro robo usiku hivi, gridi (mtandao wa umeme) ya Hydro-Québec, kampuni ya umeme ya jimbo la Québec kule Canada, ilikuwa inapiga kazi kama kawaida. Kuna vifaa saba vilivyokuwa vinashikilia volteji kwenye zile laini ndefu zinazoshuka kutoka mabwawa ya kaskazini, vikaanza kujizima kimoja baada ya kingine, kila kimoja kinajiokoa chenyewe, na kabla dakika 2 hazijaisha jimbo zima liko gizani. Watu milioni 6 hivi, masaa 9, na Machi ya Québec sio mwezi wa kukaa bila hita. Hakuna nguzo iliyoanguka, hakuna fundi aliyebonyeza swichi vibaya. Jua lilikuwa limetema kitu siku chache nyuma na kikafika.

Nimeanza na huo usiku maana karibu kila kanuni iliyopo leo Marekani na Canada kuhusu gridi na dhoruba za jua imezaliwa pale, na ajabu ni kwamba toka usiku huo mpaka mdhibiti wa Marekani aseme rasmi "haya sasa andikeni kanuni" ilipita miaka 24. Miaka 24! Mtoto aliyezaliwa usiku ule alikuwa ameshamaliza chuo.

Ngoja kwanza tuelewane kinachotokea, maana watu wengi wakisikia dhoruba ya jua wanafikiria joto au mionzi ya kuunguza. Sio hivyo. Jua linarusha wingu kubwa la chembe zenye chaji pamoja na sumaku yake, likielekea huku linachukua kati ya siku moja na siku tatu nne kufika, likigonga sumaku ya dunia linaitikisa. Sumaku ikitikisika inazalisha volteji ardhini, ndogo tu, volti chache kwa kila kilomita moja. Volti 3 kwa kilomita sio kitu, hata betri ya tochi inakushinda. Ila laini ya umeme ya kilomita 300 inazijumlisha zote. Na pale ambapo mwamba wa chini ni mgumu, haupitishi umeme vizuri, mkondo unatafuta njia rahisi na njia rahisi iliyopo ni waya zetu, unapanda kupitia nyutro ya transfoma, yaani ile ncha yake ya katikati iliyounganishwa na ardhi, unatembea kwenye laini, unashukia kwenye transfoma ya upande wa pili.

Sasa transfoma imetengenezwa kwa umeme unaogeuka geuka mara 50 au 60 kwa sekunde. Huu wa jua unageuka taratibu sana, kwa madakika, kwa hiyo kwa transfoma ni kama umeme wa betri tu, DC. Kiini chake cha chuma kinashiba sumaku upande mmoja wa wimbi, kile chuma hakiwezi kubeba zaidi, sumaku inamwagika nje na kupasha moto vyuma ambavyo havikutegemewa kupata moto. Ukiwa karibu unasikia kabisa, ule mvumo wa kawaida unabadilika unakuwa mzito, kama gari lililopandishwa mlima na gia isiyo yake. Mafuta yanapata moto sehemu moja moja, gesi zinaanza kutengenezwa ndani yake, na hizo gesi ndo mafundi wanazipima baadae kujua transfoma iliumia kiasi gani. Na wakati huo huo transfoma zote zilizoshiba zinameza ile nguvu inayoshikilia volteji ya gridi, alafu zinatoa mawimbi machafu yanayozidanganya rilei za ulinzi, zile swichi zinazokata zenyewe zikihisi hitilafu. Québec ilianguka kwa hilo la mwisho, rilei ziliona uchafu zikadhani kifaa kimepata hitilafu zikakizima. Kule New Jersey dhoruba hiyo hiyo iliharibu transfoma kubwa ya kituo cha nyuklia cha Salem. Kwa hiyo usiku mmoja ulituonyesha magonjwa yote mawili, gridi kuanguka na transfoma kuungua, na haya mawili yasichanganywe, nitarudi hapo.

Haya, tuje kwenye kanuni.

Kama unataka kuelewa kwa nini kanuni ziko vile zilivyo usianzie kwenye jua, anzia kwenye miti. Agosti 14 mwaka 2003 laini kadhaa za Ohio ziligusana na miti ambayo ilitakiwa iwe imekatwa, zikajizima, mzigo ukahamia kwenye zingine, na jioni hiyo watu kama milioni 50 wa Marekani na Canada hawana umeme. Mpaka hapo viwango vya uimara wa gridi vilikuwa vya hiari, yaani makampuni yanakubaliana kistaarabu kwamba tutafanya hivi, asiyefanya anaangaliwa vibaya kwenye mkutano basi. Bunge likapitisha sheria ya nishati ya 2005, viwango vikawa vya lazima, ukivunja unaweza kupigwa faini mpaka dola milioni 1 kwa siku kwa kosa moja, na faini hiyo imekuwa inapandishwa kufuata mfumuko wa bei.

Lakini sheria hiyo iligawa kazi kwa namna ya ajabu kidogo. Tume ya shirikisho ya nishati, FERC, ina mamlaka ya kuamuru kiwango kiandikwe, ina mamlaka ya kukikubali au kukirudisha, ila haina mamlaka ya kukiandika yenyewe. Anayeandika ni shirika linaloitwa NERC, na ndani ya NERC rasimu zinaandikwa na timu za wataalamu ambao wengi wao wanatoka kwenye makampuni yale yale ya umeme, alafu rasimu inapigiwa kura na hao hao wa sekta mpaka ipite. Kesi ya nyani umempa hakimu ngedere, na sio hivyo tu, sheria yenyewe ameitunga ngedere.

Niwe mkweli, kuna sababu nzuri ya mpangilio huo. Anayejua gridi ni anayeiendesha. Mwanasheria wa serikali akikaa peke yake kuandika namna ya kupanga rilei za laini ya kilovolti 500 atatuzimia umeme yeye kabla ya jua. Kwa mambo mengi ya kila siku, miti, mafunzo ya waendeshaji, mawasiliano kati ya vituo, mfumo huu umefanya kazi vizuri tu kwa sababu kampuni ikikosea inaonekana mwaka huo huo. Tatizo linakuja kwenye kitu ambacho kinatokea mara moja kwa vizazi. Hapo kampuni inaweza kuandika kanuni dhaifu, ikaitii kwa uaminifu kabisa, ikapata tiki kwenye kila ukaguzi kwa miaka 30, na aliyeiandika akastaafu kwa amani.

Mei 2013 FERC ikatoa amri namba 779, ikasema kazi ifanyike kwa hatua mbili. Ya kwanza taratibu za uendeshaji, yaani onyo likija waendeshaji wafanye nini, warudishe laini zilizo kwenye matengenezo, wapunguze mzigo kwenye transfoma zinazojulikana ni dhaifu, waongeze akiba ya uzalishaji. Hiyo ilipita 2014 bila kelele nyingi na kusema ukweli ni kitu kizuri na ni rahisi. Ila ina ukomo wake. Lile wingu tunaliona likitoka kwenye jua, lakini kitu cha muhimu kuliko vyote, sumaku yake imeelekea kaskazini au kusini, hatukijui mpaka lipite kwenye satelaiti zilizokaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Ikielekea kusini inaungana na sumaku ya dunia na hapo ndo balaa, ikielekea kaskazini wengi hata hawatajua kama ilipita. Kutoka pale mpaka hapa ni dakika 15 mpaka saa moja. Kwa hiyo mwendeshaji ana siku mbili za kujua kwamba kuna kitu kinakuja na nusu saa ya kujua ni kitu gani. Nusu saa inatosha kupiga simu na kubadilisha mpangilio. Haitoshi kufunga kifaa.

Hatua ya pili ndo penye utamu. Ilikuja kama kiwango kinachoitwa TPL-007, FERC ikakikubali Septemba 2016 huku ikiagiza kirekebishwe. Kinasema kila mpangaji wa gridi ambaye eneo lake lina transfoma kubwa zilizounganishwa ardhini, upande wa juu zaidi ya kilovolti 200, afanye tathmini ya dhoruba ya mfano, dhoruba ambayo inategemewa kutokea mara moja kwa miaka 100. Akigundua gridi yake haitahimili aandike mpango wa marekebisho. Tathmini inarudiwa kila miezi 60. Mpango kama ni wa mambo yasiyo ya vifaa una miaka 2, kama ni wa kufunga vifaa una miaka 4, na unaweza kuomba kuongezewa muda.

Ukisoma juu juu unaona safi kabisa. Shida iko kwenye hiyo dhoruba ya mfano, yaani swali la mtihani.

Dhoruba ya mfano ina nguvu ya volti 8 kwa kilomita, hiyo ni kwa sehemu iliyoko digrii 60 za latitudo ya kisumaku, kwenye mwamba wa aina ya Québec. Hiyo 8 ilitoka wapi? Walichukua vipimo vya vituo vya sumaku vya kaskazini mwa Ulaya vya mwaka 1993 mpaka 2013, wakavinyoosha kwa hesabu za takwimu kufikia miaka 100. Angalia hiyo miaka tena. Inaanza 1993. Dhoruba ya 1989, ambayo ndo imesababisha kanuni iwepo, haimo kwenye data ya kupata ukubwa. Ya Mei 1921 haimo. Ya 1859 ambayo waendeshaji wa telegrafu kati ya Boston na Portland walichomoa betri zao wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa mbinguni pekee yake, hiyo nayo haimo, na wala isingeweza kuwemo. Kichekesho ni kwamba umbo la dhoruba, ule mchoro wa kupanda na kushuka kwa dakika, wamelichukua kwenye kituo cha Ottawa cha 1989 hiyo hiyo. Kwa hiyo sura ni ya 1989 ila kimo ni cha miaka 20 iliyokuwa na utulivu zaidi.

Alafu kuna suala la wastani. Vile vipimo vya Ulaya havikutumika kituo kimoja kimoja, vilichanganywa kwa eneo la kilomita mia kadhaa kila upande ikatolewa wastani. Hoja yao ni kwamba gridi ni kubwa kwa hiyo kinachoiangusha ni dhoruba ya eneo kubwa sio kadoa kamoja. Sio hoja ya kijinga. Ila dhoruba hizi zina vilele vikali vya sehemu ndogo, na transfoma iliyo chini ya kilele haiungui kwa wastani, inaungua kwa kilele. Ni kama mtu anakwambia mto huu una kina cha wastani cha magoti, vuka tu. FERC yenyewe ililiona hilo ikasema msitegemee wastani peke yake, ndo ikaja dhoruba ya nyongeza ya volti 12 kwa kilomita. Na hapo NERC ikajaribu kitu ambacho mimi ndo kilinifanya niache kuamini kwamba hii ni mijadala ya kitaalamu tu: rasimu ilisema ukifeli kwenye dhoruba ya nyongeza hulazimiki kurekebisha, unatakiwa tu utathmini unaweza kufanya nini. Yaani ujue nyumba inavuja, uandike kwamba inavuja, basi. Novemba 2018 kwenye amri namba 851 FERC ikakataa, ikasema anayefeli hata hapo aandike mpango wa marekebisho, na kuongezewa muda kuamuliwe kesi moja moja. Ilichukua miaka mitano na nusu toka amri ya kwanza mpaka kufika kwenye jambo ambalo mtu yeyote barabarani angekwambia ni la wazi.

Kitu kingine ni hesabu ya latitudo. Ile 8 inapunguzwa kadiri unavyosogea kutoka nchani. Ukiwa digrii 60 unaibeba yote, ukiwa 50 unabeba kama theluthi, ukifika 40 na kushuka unabeba moja ya kumi. Yaani mwenye gridi ya kusini anafanyia mtihani volti 0.8, na bado kuna punguzo lingine la aina ya ardhi, na akimaliza hesabu mkondo kwenye transfoma yake ukiwa chini ya ampia 75 kwa kila fezi hatakiwi hata kuangalia kama itapata moto. Kwa wengi wa kusini kazi inaishia hapo, funika kombe mwanaharamu apite.

Je hilo punguzo lina msingi? Kwa wastani ndiyo, dhoruba huwa kali zaidi karibu na maeneo ya mianga ya nchani, zile taa za rangi angani zinazoitwa aurora. Ila dhoruba kubwa kweli mianga yenyewe inashuka, 1859 ilionekana mpaka visiwa vya Karibi. Baada ya dhoruba za Oktoba na Novemba 2003 mafundi wa Afrika Kusini walipima mafuta ya transfoma zao kubwa wakakuta gesi za kuonyesha zilikuwa zimepata moto ndani, na baadhi zikafa miezi iliyofuata. Sio kwa kishindo, kwa kuchakaa. Afrika Kusini haiko karibu na ncha yoyote. Alafu kuna mwamba, ambao kwangu ni mkubwa kuliko latitudo. Watafiti wa jiolojia wa Marekani wamepita nchi nzima wakipima jinsi ardhi inavyopitisha umeme kwa kina, kazi ya miaka mingi, na kilichotoka ni kwamba sehemu mbili ambazo sio mbali zinaweza kutofautiana mara kumi na zaidi. Virginia na kaskazini ya Minnesota zimejitokeza kama sehemu mbaya, na Virginia huwezi kuiita kaskazini. Wakati kanuni inaandikwa ramani hiyo ilikuwa haijakamilika ndo maana walitumia mikoa mikubwa ya jiolojia, kila mkoa namba moja. Hilo silaumu. Leo ramani ipo.

Sasa niwageukie upande wa pili maana na wao wamenichosha. Kuna kundi la watu ambao ukitaja dhoruba ya jua tu wanakuletea mwisho wa dunia. Mamia ya transfoma zitaungua kwa usiku mmoja, nchi itakaa giza miaka, watu watakufa njaa. Ripoti moja maarufu ya 2010 ilikuwa na zaidi ya transfoma 300 hatarini, na ile ya Lloyd's, soko la bima la London, ya 2013 ikataja watu milioni 20 mpaka 40 wanaoweza kukosa umeme kuanzia siku 16 mpaka mwaka au miwili. NERC kwenye ripoti yake ya 2012 ilisema hapana, kinachotegemewa zaidi ni gridi kupoteza volteji na kuanguka, sio transfoma kuungua kwa wingi. Na mimi nadhani hapa NERC ilikuwa karibu zaidi na ukweli. Sababu ni kama kitendawili: gridi ikianguka mapema, mkondo wa jua unakosa mzigo wa kuchanganyika nao, transfoma zinapumzika. Québec waliamka, masaa 9 baadae umeme ulikuwa umerudi sehemu kubwa. Malmö, Sweden, tarehe 30 Oktoba 2003, watu elfu 50 hivi walikosa umeme kwa muda usiozidi saa moja.

Ila sasa hiyo hoja imetumika vibaya. Imekuwa kama kusema "tutaanguka tu, hatutaungua, kwa hiyo tulieni". Kuanguka kwa gridi ya nusu bara sio Malmö. Kuiwasha gridi kutoka sifuri ni kazi ambayo watu wa Marekani hawajawahi kuifanya kwa ukubwa huo, na dhoruba yenyewe inaweza kukupiga mawimbi mawili matatu ndani ya siku mbili, umeamka nusu inakuangusha tena. Na hata transfoma zikiungua chache tu, sio 300, tuseme 10, hivi vitu havikai stoo. Kila moja inatengenezwa kwa vipimo vya mteja, inaweza kuwa na tani 200, 300, 400, inasafirishwa kwa mabehewa maalum, na siku hizi ukiagiza unaweza kusubiri miaka miwili na zaidi. Nyingi zinatoka nje ya Marekani. Waingereza walivyoiweka hali ya anga ya juu kwenye orodha yao ya majanga ya taifa walianza kwa kuongeza transfoma za akiba, hatua ya kizamani kabisa, na mimi naipenda kuliko modeli kumi.

Mei 2024 ikaja dhoruba ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza toka 2003. Mianga ilionekana sehemu ambazo watu hawajawahi kuiona maishani, matrekta yanayoongozwa kwa GPS yakapotea shambani, na gridi hazikuanguka. Wakaja watu wa sekta na kifua mbele, mmeona? Taratibu zinafanya kazi. Na kweli zilifanya kazi, sitawanyima hilo. Ila kwa kipimo kinachoitwa Dst, ambacho kinaonyesha sumaku ya dunia ilishuka kiasi gani, Mei 2024 ilifika kama nanotesla 400 chini ya sifuri, 1989 ilifika 589, na 1859 wengi wanaikadiria huko 900 hivi. Umefaulu jaribio la darasa la nne, hongera, sasa usiniambie uko tayari kwa kidato cha sita.

Usiku huo wa Mei 2024 mimi macho yangu yalikuwa New Zealand. Kule kampuni ya gridi, Transpower, ilitangaza dharura ikazima laini kadhaa kwa makusudi ili kuvunja njia za mkondo wa jua kabla haujazidi. Kwa makusudi! Mwendeshaji wa gridi kuzima laini nzima wakati wa hatari ni kama nahodha kutoboa meli yake, lazima uwe na uhakika wa ajabu kwamba unatoboa mahali sahihi. Walipata wapi uhakika? Novemba 2001 dhoruba ambayo haikufikia hata hiyo ya 2024 kwa ukubwa iliwaulia transfoma moja kule Dunedin. Toka hapo, na hata kabla, walikuwa na mita kwenye nyutro za transfoma nyingi za kisiwa cha kusini, na data wakawapa watafiti wa chuo kikuu bila kinyongo. Zaidi ya miaka 20 ya vipimo halisi. Watafiti wakajenga modeli, modeli ikakaguliwa na mita, ilipokosea ikarekebishwa, na kutoka kwenye modeli hiyo ukatengenezwa mpango wa laini zipi zizimwe. Hawakuanza na volti 8 za karatasi, walianza na ampia zilizopita kwenye waya wao.

Hapa ndo nilipotaka kufika. Watu wakijadili kanuni ya Marekani wanagombania namba, 8 ni ndogo iwe 20, au 12 inatosha. Nimegombania na mimi. Lakini hata ukipandisha namba mpaka 20 bado ni mtihani wa kwenye kompyuta ambao kampuni inajifanyia, kwa modeli yake, ya ardhi ambayo imeikadiria, na matokeo inayaweka kabatini. Namba ikiwa mbaya utaijua lini? Siku ya dhoruba. Ndo maana mimi nadai kwanza mita na vipimo vya wazi kama vya New Zealand, kabla ya kugombania namba.

Na kuna sababu nyingine ya kutaka vipimo viwe wazi kwa majirani. Dawa mojawapo ya huu mkondo ni kuweka kapasita kwenye nyutro inayozuia DC isipande. Inafanya kazi, kuna moja ilifungwa Wisconsin mwaka 2015, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya transfoma inayoilinda. Ila mkondo uliozuiwa hapa haufi, unatafuta mlango wa pili. Ukiziba kwako unaweza kumsukumia jirani ambaye modeli yake ilisema yuko salama kwa ampia 60, sasa anapata 80 na hana habari. Kampuni moja moja kujitathmini kivyake haiwezi kuona hilo. Huko tume kama FERC ina kazi ambayo hakuna mwingine anaweza kuifanya, kuangalia ramani nzima kwa pamoja.

Kuwa mkweli, FERC ilijua hili la vipimo. Amri ya 2016 iliagiza mita ziwepo na data ikusanywe na iwekwe hadharani, na NERC kweli inakusanya vipimo vya dhoruba kali. Ila nenda kwenye kiwango chenyewe usome kifungu cha mita. Kinataka kila mpangaji wa gridi awe na utaratibu wa kupata data kutoka angalau mita moja iliyoko kwenye eneo lake la mipango au sehemu nyingine ya mfumo iliyomo kwenye modeli yake. Moja. Sasa eneo la mipango la PJM, mmoja wa waendeshaji wakubwa wa gridi, linagusa majimbo 13 na mji mkuu wa Marekani juu yake, kutoka pwani ya Atlantiki mpaka kwenye viunga vya Chicago. Kwa vitendo wengi wana zaidi ya moja, wanajua wenyewe moja ni mzaha, lakini ndo kanuni iliyopita kwenye kura.

Na kifungu hicho kinaishia kwenye kupata data. Tuseme dhoruba imekuja, modeli ya kampuni ilisema transfoma ile itapata ampia 40, mita ikaandika 90. Nani anaambiwa, kwa siku ngapi, na ile tathmini ya miezi 60 inaanza upya au inasubiri zamu yake? Nimerudia kusoma mara tatu nikitafuta sentensi inayojibu hilo na sikuipata.